Tuta la ndiva yetu linatoa maji ya tope, tufanyeje?

SWALI: Habari za kazi. Sisi ni kikundi cha wakulima wa mahindi na maharage huku Same milimani, tunamwagilia kwa ndiva, yaani bwawa dogo la asili, ya udongo tuliyoachiwa na wazee, inajaa usiku asubuhi tunafungulia. Sasa chini ya tuta, upande wa mashambani, maji yanachuruzika, mwanzo yalikua meupe sahivi yana tope. Wenzetu wanasema tushindilie udongo hapo, tupande miti juu ya tuta lishike, na utoro, ile njia ya kutolea maji yakizidi, tuuzibe kidogo tupate maji mengi. Mtaalamu tushauri.

JIBU: Ndugu zangu, punguzeni maji leo hii. Tuta la udongo kuvuja kidogo ni kawaida, ila maji yakigeuka tope ujue yanabeba udongo wa ndani ya tuta, tundu linapanuka huko ndani na nje hamuoni kitu mpaka siku linakatika. Solai, Nakuru huko Kenya, Mei 2018 bwawa la udongo la shambani lilipasuka usiku na watu zaidi ya 40 wakafa. Ndiva yenu ni ndogo sawa, lakini kama bondeni kuna nyumba msicheze nayo kabisa.

Fungulieni taratibu, maji yakishuka ghafla ukingo wa ndani uliolowa unaporomoka, na usiku msijaze tena. Hapo panapotoka tope MSIZIBE, maji yatatafuta njia nyingine, mwageni mchanga safi, juu yake kokoto, halafu mawe, maji yapite udongo ubaki. Kingeni maji yake kwenye chupa asubuhi na jioni, yaacheni yatulie, tope la chini likizidi la jana basi walioko bondeni wahame haraka.

Miti hapana, mizizi ikioza inaacha matundu, ukoka unatosha. Na utoro jamani msiuguse, mvua kubwa ikija maji yakapanda juu ya tuta yatalikata. Mkitaka maji zaidi subirini kiangazi mchimbe tope lililojaa ndani, shambani ni mbolea.

Kufumua na kujenga upya muwe na injinia wa umwagiliaji wa halmashauri, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ijue. Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja ishindiliwe kabla ya nyingine. Kipindi hicho zamu zipangeni upya, wa mwisho wa mfereji waanze wao.