Punda ndiye mwenye lawama, si aliyemlisha

Ndugu yangu, umesema mwenye huruma hafanikiwi, ukaegemea "shukrani ya punda ni mateke". Sikubaliani nawe, na nasema kwa niliyoyaona hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma, wavuvi wanaposhusha dagaa.

Methali hiyo inamsema asiye na fadhila. Wewe umeigeuza ikawa ushauri wa biashara. Dagaa ni kazi ya kuaminiana, ndugu. Wavuvi hutoka na taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wanapumzika, maana taa haivuti tena samaki. Siku hizo hela hakuna. Na aliyeanika mchangani, mvua ikimkuta, mzigo umeharibika. Nani atakupa mali kauli, yaani mzigo wa kulipia baadaye, wiki hiyo kama jana ulimnyima mwenzako?

Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulipofungwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei, mtaji uliniishia kabisa. Aliyeninyanyua ni mama mmoja niliyewahi kumwachia magunia mawili bila maandishi, mvua ilipomharibia yake. Alinipa mawese niuze kwanza, nimlipe baadaye. Hakuniuliza dhamana.

Mateke nimepigwa pia, sikatai. Kuna kijana alichukua mzigo wangu akapanda treni kwenda Tabora, mpaka leo simu hapokei. Iliniuma sana, kwa sababu nilimwona kama mdogo wangu. Tangu hapo nisiyemjua simpi mzigo wote. Nampa debe moja, akirudisha hela namwongeza.