Kuondoa kikosi ng'ambo kwa awamu: anza na atakayefunga lango

Wapangaji wengi huanza kwa kuuliza nani atangulie. Sisi tungeanza na atakayefunga lango, kisha turudi nyuma siku baada ya siku: waliobaki watakunywa maji gani, watatibiwa wapi, watawasiliana kwa redio ipi? Mtambo wa kusafisha maji, jenereta, hospitali ya kambi na helikopta ya majeruhi hutoka mwisho. Kosa la kila mara ni kupakia jenereta kubwa mapema eti meli ina nafasi. Wiki inayofuata jokofu la damu limezima, na kambi inakodi jenereta mtaani kwa bei ya mwenye shida.

Tazama Mali. Azimio 2690 la Baraza la Usalama lilipita tarehe 30 Juni 2023, na MINUSMA, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani nchini Mali, ikatakiwa iwe imeondoka ifikapo 31 Desemba. Miezi sita tu, kwa kambi zilizotawanyika jangwani! Kidal iliachwa 31 Oktoba, kabla ya ratiba, na msafara wa kwenda Gao ukakutana na mabomu ya kutegwa njiani. Zana zisizobebeka ziliharibiwa papo hapo. Kwa hiyo orodha ya vitu vya kuharibu iandikwe na kusainiwa mapema. Ukiiandika siku msafara unawashwa, utachoma kilichopaswa kurudi.

Nchi ya kupita nayo ina neno lake. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilipoamua Machi 2025 kuondoa kwa awamu SAMIDRC, kikosi chake cha mashariki mwa Kongo, vikosi vilitoka Goma kwa barabara, vikapita Rwanda na kukusanyika Chato, Tanzania. Weka kituo cha namna hiyo kwenye ardhi salama, mbali na bandari. Hapo ndipo pa kuhesabu, kutengeneza na kuosha.

Kuosha ndiko kunakodharauliwa, kumbe ndiko kunakochelewesha meli. Mkaguzi wa mimea na mifugo haangalii rangi ya gari; analala chini na tochi kutafuta udongo unaoweza kubeba wadudu na magonjwa. Udongo hujificha juu ya bamba la kukinga giaboksi, ndani ya rimu ya tairi la akiba, kwenye maungio ya minyororo na chini ya mazulia ya dereva. Fungua mabamba kwanza, ndipo upige maji ya presha. Ukiosha bila kufungua, umelainisha tope tu.

Mzigo ukielekea bandari ya Dar kwa barabara, kumbuka mzani. Ukomo ni tani 56 kwa gari na mzigo wake, na gari la deraya juu ya lobedi, trela la chini la kubeba mizigo mizito, huhitaji kibali maalumu. Usisubiri kugundua hilo kwenye mzani wa Vigwaza, foleni ikiwa nyuma yako. Risasi na vilipuzi visafiri peke yake, na malori yaitwe pale meli iko gatini tayari kupakia. Namba za chesisi ziwe zilezile kwenye manifesti (orodha ya mzigo wa meli), kwenye karatasi za forodha na kwenye chuma chenyewe. Tarakimu moja ikipishana, kontena linalala bandarini na gharama zinapanda.

Walinzi wa nyuma, yaani kundi la mwisho kutoka, waachiwe mafuta ya kufika kituo kinachofuata na ya kurudi kambini kama barabara imefungwa. Eneo likabidhiwe kwa maandishi, kisima kikifanya kazi, na vibarua wa kambi wawe wameshalipwa kabla ya gari la mwisho kuwashwa.