Kondoo wa Stowe mbona hawaingii bustanini?

SWALI: Mhariri shikamoo. Nimeona picha ya lile jumba la Stowe huko Buckinghamshire Uingereza, nguzo kama za Warumi, majani yamekatwa vizuri halafu mbele kidogo kondoo wanakula na fensi hakuna. Inakuwaje hawaingii kula maua ya watu?

JIBU: Marahaba. Ukuta upo bwana, umefichwa! Wanachimba mtaro mrefu, upande wa nyumba wanajenga ukuta umesimama wima ila juu yake unaishia usawa wa majani, upande wa malisho udongo unashuka mteremko taratibu, kwa hiyo kondoo anashuka zake hadi chini anakutana na ukuta usoni anageuza, na wewe uliye barazani unaona majani tu moja kwa moja. Waingereza wanauita ha-ha, eti ndo unavyoshtuka ukiufikia ghafla. Ujanja huo Stowe ulianza na mbunifu wa bustani Charles Bridgeman miaka ya 1720 hivi, na 1741 akaja Capability Brown kuwa mkuu wa bustani.

Vile vihekalu vingi unavyoviona bustanini navyo vina utani ndani yake, maana ukoo uliomiliki jumba uliitwa Temple, yaani hekalu. Sifa zote hizo lakini madeni hayajui nguzo, 1848 mwenye jumba, Duke (cheo cha juu cha ukabaila) wa pili wa Buckingham, vyombo vyake vya ndani vilipigwa mnada. Tangu 1923 jumba ni shule, bustani iko chini ya National Trust, shirika la kutunza majumba na maeneo ya kihistoria, na kiingilio unalipa.