Ruta ya hosteli: hamisha kebo kwanza

Mdogo wangu, umesema ruta uliyonunua Kariakoo umeichomeka kwenye kebo ya ukutani hosteli, simu inaona Wi-Fi lakini intaneti hakuna, na majirani nao wameanza kulalamika kwamba zao zimekatika. Hao majirani ndio jibu lenyewe. Kebo ya ukutani umeiweka kwenye mojawapo ya matundu ya LAN (yale ya vifaa vya ndani), basi ruta yako inagawa anwani za IP (namba za kutambulisha kila kifaa mtandaoni) korido nzima, na wenzako wanaelekezwa kwenye mlango usiotoka nje. Ichomoe sasa hivi, kabla watu wa TEHAMA hawajakubishia hodi.

Kebo hiyo ni ya tundu la WAN, la kuingizia intaneti, lile ambalo mara nyingi lina rangi ya peke yake. Bado kimya? Huenda mtandao wa chuo unaitambua laptopu yako tu, kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao. Menyu ya ruta mara nyingi ina sehemu ya kuinakili namba hiyo ili ruta ionekane kama laptopu, ila omba ruhusa kwanza. Vyuo vingine havitaki kabisa ruta binafsi. Weka ulinzi wa Wi-Fi wa WPA2 na nenosiri refu, kisha, kwa Wi-Fi ya 2.4 GHz, chaneli (njia ya mawimbi) 1, 6 au 11, yoyote isiyo na msongamano. Na lile nenosiri la "admin" la kiwandani, la kuingilia menyu ya ruta, libadilishe leo leo, hosteli ina watundu.