Eti kuna mbunge aliyejenga darubini kubwa kuliko zote?

SWALI: Shikamoo mhariri, nimesikia kuna mbunge alijenga darubini kubwa kuliko zote duniani nyumbani kwake, ni kweli au stori za kijiweni? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Kweli kabisa, jamaa ni William Parsons, Lord Rosse, wa Ireland. Aliingia bunge la Uingereza 1821 akiwa kijana mbichi, 1834 akaacha maana akili yote ilikuwa kwenye nyota. Hela ilikuwepo, mkewe Mary naye alitoka kwenye ukwasi, basi akajenga matanuru hapohapo kwenye kasri lake la Birr, akayeyusha shaba na bati akatengeneza kioo cha darubini cha metali hiyo chenye upana wa mita 1.8 hivi na uzito kama tani 3, yaani hicho kioo tu, bado bomba lake! 1845 akaiona M51 (galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota lililo mbali sana) imejiviringa kama maji yanayozunguka, umbo ambalo hakuna aliyewahi kuligundua. Mwaka huohuo njaa ya viazi ikaanza Ireland, zao la viazi likiharibika kwa ugonjwa, nyota zikasubiri kwanza. Rekodi yake ya ukubwa ilidumu mpaka 1917. Na mwanae Charles ndo yule aliyebuni turbaini ya mvuke, mashine inayozungushwa na mvuke.