Fataki za Boti Zilizopita Tarehe: Usizitegemee

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Shela aliniandikia: "Ami, shikamoo. Nimenunua boti kwa mzee mmoja na chini ya kiti nimekuta sanduku la fataki za dharura. Zimepita tarehe miaka minne lakini ziko safi kabisa. Nizitegemee?" Nikamjibu hapana, maana fataki hizo ndizo za kuwasha kuomba msaada baharini. Akanirudishia vicheko na "ami na wewe, uoga!" Basi leo naandika kwa urefu, maana najua hayuko peke yake. Sote tunataka chombo chetu wenyewe, na pwani hii ukinunua boti kuukuu sanduku kama hilo mara nyingi huja pamoja nayo.

Ndani ya fataki nyekundu kuna unga wa magnesiamu na chumvi ya strontiamu, ndiyo inayoleta ule wekundu. Unga huo na unyevu havipatani hata kidogo. Maji yakipenya, magnesiamu huliwa polepole na kutoa gesi, na kiwashio nacho hushika kutu. Sasa chukua joto letu, jua la mchana kutwa juu ya faiba ya boti, na hewa ya chumvi usiku kucha, uone kizibo cha mpira kitavumilia hadi lini. Ndiyo maana kiwandani hupigwa tarehe ya mwisho, kwa kawaida miaka 3 tangu kutengenezwa.

Kutazama kunasaidia upande mmoja tu. Ukiona ganda limevimba au limepasuka, kifuniko kina kutu, uzi wa kuvutia umeoza, basi imekwisha, usiiguse kwa kuichezea. Usipoona kitu, bado hujajua chochote. Na kuijaribu huwezi: ukiiwasha imeisha, na ile iliyo kando yake haijathibitishwa. Kwa hiyo soma tarehe.

Nilijifunza kushikilia neno langu nikiwa nahodha wa boti ya mtu hapa Malindi, tukiwachukua wageni kuvua sulisuli. Msimu ulipokaribia nikamwambia tajiri, yaani mwenye boti, kuwa fataki zimepita tarehe. "Baruti si maziwa, bwana, haichachi," akasema. Nikamwambia bila mpya boti haitoki. Akaenda kutafuta nahodha mwingine. Yule naye akamkatalia. Mwishowe akanunua huku amenuna, na pesa zile akawa ananikata kwenye malipo yangu, kidogo kidogo, kama vile fataki ni za kupambia nyumba yangu.

Mwisho wa kaskazi, upepo unaanza kugeuka, tukawa tumevuka mdomo wa mto Sabaki jioni. Mashine ikazima. Mafuta yalikuwa yameingia maji. Redio inakoroma tu, mkondo unatusukuma kaskazini, mgeni mmoja anatapika na mwenzake ananiuliza habari za papa. Giza likaingia. Upande wa nchi kavu nikaona taa ya chombo cha wavuvi, ndogo, inakwenda zake.

Nikarusha fataki ya mwavuli kwanza, ile inayoshuka kwa parachuti. Hiyo kazi yake ni kuonekana mbali: hupanda mita 300 au zaidi, kisha hushuka ikiwaka kwa sekunde 40 hivi. Ile taa ikasimama. Ikageuka. Walipokaribia nikawasha ya mkono ili wajue hasa tuko wapi, nikaishika nje ya ubavu, upande ule upepo unakokwenda, mkono umenyooka, uso nimeugeuza. Hudondosha matone ya moto yanayoweza kutoboa faiba, na maji hayaizimi. Huwaka dakika nzima, na dakika ile ni ndefu, wallahi. Vijana wa Ngomeni wakaturushia kamba.

Hadi leo tajiri yule huwasimulia watu hotelini kwamba yeye ndiye aliyenihimiza ninunue fataki mpya. Simbishii mbele za watu. Lakini zile pesa hajanirudishia, na mimi sijazisahau.

Sasa nyinyi vijana mnaonunua mashine ya pili kabla hamjanunua jaketi za kuokolea za kutosha, nisikilizeni. Mgeni hakai kwenye boti yako kwa sababu ya spika. Yuko mikononi mwako. Soma tarehe kabla ya kila msimu, weka fataki kwenye chombo kisichopitisha maji, pakavu na penye kivuli, mbali na mafuta, lakini pa kufikika gizani bila kupekua. Kisha soma tarehe tena.

Na zile zilizopita, tafadhali, si za harusi, si za Idi, si za Maulidi. Fataki nyekundu baharini maana yake mtu yuko hatarini, na sheria za kimataifa za bahari zinaitambua hivyo. Ukiirusha kwa furaha, kuna watu watakaoacha usingizi wao kukutafuta. Tena hiyo ya zamani inaweza kukupasukia mkononi mbele ya bi harusi.

Usizitupe baharini wala jaani, kwa sababu majaa yetu huchomwa moto na watoto hupekua humo. Mrudishie aliyekuuzia mpya, au uliza ofisi ya bandari wazipokee. Ukizibeba, zibebe kwenye sanduku lake, wima, bila kuzichanganya na mtungi wa petroli kwenye pikipiki. Nimeshaona mtu akifanya hivyo, tena na sigara mdomoni.