Nimemsamehe shemeji yangu: nikimpeleka mahakamani, nimetengua msamaha?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita, na kikao cha ukoo kikampendekeza shemeji yangu awe msimamizi wa mirathi. Mwaka huu nimegundua kwamba ameuza eka moja ya parachichi tulizopanda na marehemu, miti ikiwa imeshaanza kuzaa, bila kuniambia wala kuwapa wanangu chochote. Nilipomuuliza alinizaba kibao mbele ya watoto. Wazee wa kanisa wananitaka nisaini karatasi ya suluhu, wakinikumbusha habari ya shavu la pili na kwamba Paulo alikataza ndugu kushtakiana. Kinyongo nilishakiweka kando na simwombei mabaya, lakini naona hata shamba lililobaki linakwenda. Nifanyeje?
Mama wa watoto watatu, Tukuyu.

JIBU: Bwana asifiwe, mama, na pole kwa yaliyokupata. Kwa maelezo yako, umeshamsamehe shemeji yako. Kilichobaki ni kumzuia asiendelee, na hilo Maandiko hayajakukataza.

Ni kweli kwamba katika Mathayo 5:39 Bwana alisema, "mtu akupigaye shavu la kuume, mgeuzie na la pili." Lakini aliyelitamka neno hilo alipigwa kofi yeye mwenyewe, usiku ule alipokuwa akihojiwa mbele ya kuhani mkuu, na Yohana 18:23 inatupa jibu lake: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Hakurudisha kofi, wala hakunyamaza, alimdai aliyempiga atoe sababu mbele ya watu wote waliokuwapo. Ulipomuuliza shemeji yako habari za shamba, ulikuwa ukidai hesabu ambayo msimamizi yeyote wa mirathi anawajibika kuitoa, na kofi halikuifuta hesabu hiyo.

Wazee wako wameitaja 1 Wakorintho 6, nami naomba waisome mpaka mstari wa 5, mahali ambapo Paulo anawatahayarisha Wakorintho kwa kuuliza kama kwao hakuna hata mmoja mwenye hekima, awezaye kukata maneno ya ndugu zake. Kemeo hilo linaligusa kanisa lililoshindwa kuamua kwa haki kabla ya kumgusa aliyedhulumiwa. Je, wamemwita shemeji yako na kumtaka aeleze ameuza kwa nani, kwa bei gani, na fedha ziko wapi? Kama hawajafanya hivyo, karatasi wanayokupa ni ya kukunyamazisha. (Nimekaa katika vikao vya namna hii vya kutosha kujua kwamba anayeombwa asamehe kwa kawaida ni yule asiye na nguvu.) Luka 17:3 ina mpangilio wake: ndugu yako akikosa, mwonye, akitubu, msamehe. Wewe umeanza na lile la mwisho, na Mungu akubariki kwa hilo, lakini la kwanza bado halijafanyika.

Zaidi ya hayo, katika Luka 18 Bwana alipotaka kuwafundisha watu kuomba bila kukata tamaa, alimchagua mjane aliyekuwa akimwendea kadhi siku kwa siku akisema, "Nipatie haki na adui wangu." Hakumlaumu mjane huyo kwa kukosa roho ya msamaha.

Hata katika jambo zito kuliko la shamba, Afrika Mashariki inao mfano. Mwezi Februari 1977 maaskofu wa Kanisa Anglikana nchini Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji, na siku chache baadaye, tarehe 16, Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa. Askofu Festo Kivengere, aliyelazimika kukimbilia Rwanda, alitangaza hadharani kwamba amemsamehe Amin, na bado aliendelea kuueleza ulimwengu maovu ya utawala ule. Nijuavyo mimi, hakuna aliyemwambia kwamba ushuhuda wake umeutengua msamaha wake.

Kuna jambo moja la kujichunguza, nalo analijua mtu na Mungu wake. Ukienda mahakamani ili shamba la watoto lipone, nenda kwa amani. Ukijiona unatamani shemeji yako aaibike tu, hata shamba likipotea, basi rudi kwanza kwenye maombi, kwa maana Warumi 12:19 inamwachia Bwana kisasi.

Kwa vitendo, nenda kwenye mahakama ile ile iliyomteua, uiombe imwamuru atoe hesabu ya mali, na kama ameivuruga, unaweza kuomba uteuzi wake utenguliwe. Chukua cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kofi nalo litolee taarifa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kama kituo cha karibu kinalo. Wazee waambie kwa heshima kwamba uko tayari kukaa naye mbele yao siku yoyote atakayokuja na hesabu. Ile karatasi usiisaini kabla ya kusomewa na mtu anayeijua sheria, kwa kuwa ikiwa imeandikwa kwamba huna dai tena, inaweza kutumiwa pia dhidi ya wanao, ambao bado hawana umri wa kujisemea.